Una Nini Nyumbani Kwako? Swali Tunalolisahau Katika Sadaka Zetu

 

Ndugu msomaji, Ramadhani iliyopita nilikuwa miongoni mwa vijana wa jumuiya yetu waliopeleka futari katika kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa moja kwa gari kutoka chuoni. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila mkuu wa kaya aliyesogea mezani nilimuuliza jina, nikaliandika, akatia saini au alama ya kidole gumba, kisha akapewa mfuko wake: unga wa posho, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na mche wa sabuni. Mwenzangu mmoja alikuwa anapiga picha. Bango la jumuiya tulikuwa tumelifunga kati ya miembe miwili nyuma yetu ili lionekane vizuri.

Katikati ya kazi nilirudisha kurasa za nyuma kutafuta nafasi, nikagundua kwamba daftari lilikuwa lile lile la miaka miwili iliyotangulia. Majina yalikuwa yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Kwanza nilifurahi. Nilijiambia kuwa tumekuwa waaminifu kwa kijiji hiki. Lakini kadiri nilivyoendelea kuandika, furaha ile ilinitoka. Watu hawa walikuwa maskini tulipokuja mara ya kwanza, na mara ya tatu wamesimama kwenye mstari ule ule, kwa sababu ile ile, na sisi tumefunga bango lile lile.

Tulipomaliza, mvua ikatushika. Mimi na mwenzangu tulikimbilia kibaraza cha mzee mmoja ambaye jina lake nilikuwa nimeliandika muda si mrefu. Kibarazani palikuwa na kitu kimefunikwa gunia. Upepo ulipolifunua gunia, nikaona cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

"Mzee, mashine hii inafanya kazi?"

"Hapana, sheikh. Gurudumu la chini limepasuka tangu mwaka juzi, na mkanda nao umekwisha. Nilikuwa nashona sare za watoto wa shule na kanzu za Idi."

"Kuitengeneza ni kiasi gani?"

"Fundi wa mjini alisema elfu sitini."

Nilipiga hesabu kichwani. Mfuko mmoja ulitugharimu shilingi 35,000. Mifuko mitatu, kwa Ramadhani tatu, ni shilingi 105,000. Nikamwambia, "Sasa mzee, mbona hukutuambia?"

Hakukasirika. Alisema kwa upole, "Mliniuliza jina tu, sheikh."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Swali langu ni hili: je, inawezekana kumsaidia mtu na wakati huo huo kumpunguzia utu wake? Na kama inawezekana, sisi tunaotoa kwa ajili ya Allah tutajuaje kwamba tumefanya moja bila ya kufanya jingine?

Mtu wa Ansari na shoka lake

Wengi wetu tumeisikia hadithi aliyoipokea Abu Daud katika Sunan yake kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba lipo tandiko moja, nusu wanajifunika na nusu wanalilalia, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavishika mkononi na kuvinadi mbele ya maswahaba. Mmoja akatoa dirham moja. Mtume akauliza tena, mara mbili au tatu, nani atazidisha, hadi mwingine akatoa dirham mbili. Akampa yule bwana fedha zake: moja anunue chakula awapelekee watu wake, nyingine anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamuru aende kukata kuni na kuziuza, na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirham kumi, na kwa sehemu yake akanunua nguo na chakula.

Kwa uaminifu wa kielimu ni lazima niseme kwamba baadhi ya wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya msimulizi mmoja katika isnadi yake. Hata hivyo, maana yake kuu inaungwa mkono na hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba mtu kuchukua kamba yake na kubeba mzigo wa kuni mgongoni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Kwenye mimbari tunaitumia hadithi hii kukemea omba-omba. Tunaanzia kwenye shoka na kuishia kwenye shoka: enyi vijana, fanyeni kazi! Lakini tukiisoma polepole, shoka linakuja mwishoni. Kabla yake kuna mambo ambayo yanatuhusu sisi watoaji zaidi kuliko yanavyomhusu yule mwombaji.

Jambo la kwanza ni swali. Mtume (s.a.w.) hakuanza kwa kutoa, wala hakuanza kwa kukemea. Aliuliza nyumbani kuna nini. Swali hilo linamchukulia maskini kuwa ni mtu mwenye kitu, hata kama ni tandiko na bakuli. Jambo la pili ni kwamba chakula kilitangulia. Dirham ya kwanza ilikwenda kwa watoto wenye njaa, wala hawakuambiwa wasubiri kuni ziuzwe. Jambo la tatu ni kwamba jamii ilishiriki: walikuwepo watu wa kununua, na Mtume hakuridhika na bei ya kwanza. Jambo la nne ni ule mpini. Kiongozi wa umma alikaa chini akafanya kazi ya mikono kwa ajili ya mtu aliyekuja kuomba. Na la tano ni miadi ya siku 15. Alitaka kujua mwisho wake.

Sasa jipimeni nasi. Sisi tulifika na jibu tayari ndani ya mifuko, kisha tukauliza jina ili hesabu zetu zikae sawa. Miadi yetu ilikuwa Ramadhani nyingine.

Mafaqihi wetu walilijua hili

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mawazo ya siku hizi, ya mashirika na wafadhili, tunayoyavisha kilemba. Sivyo. Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu ya Shafii tunayoifuata sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, aliliandika suala hili katika kitabu chake Al-Majmu', kwenye mlango wa zaka. Anaeleza msimamo wa wanazuoni wa madhehebu kwamba mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununua ufundi wake au vifaa vya ufundi wake, thamani iwe ndogo au kubwa, na kwamba kiasi hicho hutofautiana kwa kazi, miji, nyakati na watu. Wanatoa mifano: muuza mboga zitamtosha dirham tano au kumi, lakini mfanyabiashara wa vito anaweza kuhitaji maelfu. Ama asiyejua kazi wala hana nguvu, huyo apewe cha kumtosha. Wapo waliosema kwa mwaka mzima, na wengi wamesema kwa umri wake uliobaki.

Angalia uzito wa maneno hayo. Huwezi kumpa muuza mboga dirham kumi na fundi kifaa chake mpaka umejua yupi ni nani. Kwa hiyo swali si adabu ya ziada. Ni sehemu ya hukumu yenyewe. Anayegawa zaka au sadaka bila ya kuuliza hawezi kutekeleza waliyoyasema mafaqihi, hata akigawa mali nyingi. Fundi wa kibarazani, kwa fiqhi ya Nawawi, alikuwa na haki ya gurudumu na mkanda.

Nasema haki, kwa kuwa Qur'ani katika Surat Adh-Dhariyat na Surat Al-Ma'arij inaitaja sehemu ya mwombaji na aliyenyimwa kuwa ni haki iliyomo ndani ya mali za wachamungu. Mtu huulizwa anavyotaka kulipwa haki yake. Anayepewa hisani haulizwi. Hupokea na kushukuru. Nadhani hapo ndipo tulipopotea. Tulitoa haki kwa mtindo wa hisani.

Wanaouliza kule Kagadi

Baada ya Ramadhani nilianza kutafuta kama hapa Uganda wapo wanaolifanya swali hili kuwa kazi yao. Nikaelekezwa kwenye shirika la Uganda Rural Development and Training Programme, au URDT kwa kifupi, lililoanzishwa mwaka 1987 Kagadi, magharibi mwa nchi, na Mwalimu Musheshe pamoja na wenzake. Si taasisi ya Kiislamu, nami sidai kwamba ni ya Kiislamu. Lakini ukweli hauna kabila, na ukiukuta njiani huulizi uliangushwa na nani.

Msingi wao ni kwamba mtu wa kijijini haanzi kwa kuulizwa ana shida gani. Anaulizwa anataka kuumba maisha gani, kisha anaangalia bila kujidanganya yuko wapi leo na ana nini mkononi. Kati ya hayo mawili ndipo mafunzo yanapoingia: kilimo, ufugaji, afya, ufundi, hesabu za biashara ndogo. Shida peke yake, wanasema, haimwendeshi mtu mbali. Ikipungua kidogo tu, naye husimama.

Jambo lililonigusa zaidi ni shule yao ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 2000. Inachukua mabinti kutoka familia za vijijini, wengi wao wa kipato cha chini, lakini haimchukui binti peke yake. Wazazi nao huitwa shuleni kujifunza. Binti na wazazi wake wanakaa pamoja kupanga nyumba yao iwe namna gani, na likizo ikifika anarudi na kazi ya kufanya nao: bustani ya mboga, kuku, choo safi, kichanja cha kuanikia vyombo. Kwa hiyo elimu haimng'oi mtoto nyumbani kwake. Inapitia kwake na kuingia ndani ya nyumba. Baadaye likatoka hapo wazo la chuo kikuu cha wanawake, African Rural University, kinachowaandaa mabinti kwenda kuishi na kufanya kazi vijijini, badala ya kuvikimbia.

Niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe. Nasoma Masomo ya Kiislamu mwaka wa tatu. Nimerudi nyumbani likizo tano tangu nilipoanza chuo. Katika likizo zote hizo, nikikumbuka kwa ukweli, elimu niliyompelekea mama yangu ni orodha ya mambo ambayo ni haramu au bidaa. Sikuwahi kukaa naye nikamuuliza angependa nyumba yetu iwe vipi baada ya miaka mitano, wala ana nini cha kuanzia. Binti wa darasa la tano kule Kagadi ameshafanya hivyo.

Je, tunamlaumu maskini?

Kuna pingamizi moja zito, nami sitaki kuliruka. Mtu anaweza kusema: maneno haya ya "una nini" na "wataka nini" ni njia ya kistaarabu ya kumtupia maskini mzigo wake mwenyewe. Tunamwambia ajibadilishe, wakati waliomfanya maskini wamekaa kimya. Na kweli, aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd, inayoeleza kwamba Allah habadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyo nafsini mwao, nimeisikia ikitumiwa kama fimbo ya kuwapigia wanyonge.

Kagadi yenyewe ni ushahidi kwamba pingamizi hili lina ukweli. Eneo lile ni la kaunti ya Buyaga, ambayo pamoja na Bugangaizi ni miongoni mwa zile zilizoitwa kaunti zilizopotea. Wakoloni wa Kiingereza walizitoa kwa Bunyoro na kuzipa Buganda, na ardhi yake ikagawiwa kwa hati za mailo. Kura ya maoni ya mwaka 1964 ilizirudisha kaunti hizo mbili Bunyoro, lakini ardhi nyingi ilibaki katika hati za wamiliki wasioishi huko. Mkulima ambaye shamba lake liko kwa jina la mtu mwingine hakufukarika kwa uvivu. Ukimfundisha kilimo bora na kunyamaza juu ya hati, umemfundisha kulistawisha shamba la mwenzake.

Jibu langu ni kwamba swali la "una nini" likiulizwa kwa ukweli haliishii kwenye kuku na mboga. Mtu akiulizwa anataka nini, na anayeuliza akawa tayari kusikia lolote, atataja ardhi, atataja barabara, atataja bei ya mazao na dawa zinazokosekana zahanati. Aliyezoea kuulizwa hujifunza kuuliza naye. Si ajabu kwamba shirika lile lile lina redio ya jamii, KKCR, ambamo wanakijiji hujadili mambo yao kwa lugha zao. Mfuko wa sukari hauwezi kuzaa redio. Mpokea sukari amefundishwa kusema jambo moja tu, nalo ni asante.

Na aya ile haikumlenga maskini peke yake. Imesema watu, na sisi wenye kutoa ni miongoni mwao. Huenda hali ya kijiji kile haibadiliki kwa kuwa sisi hatujabadilisha kilicho nafsini mwetu, yaani ile raha ya kuonekana tunatoa.

Lipo pingamizi la pili kutoka upande mwingine. Mtu atasema: basi tuache kugawa chakula, tuandae semina. Hapana. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Insan amewasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa bila ya kutaka malipo wala shukrani, na katika Surat Al-Ma'un amemkemea asiyehimiza kumlisha maskini. Katika mstari wetu alikuwemo jaja mmoja asiyeona, aliyeshikwa mkono na mjukuu. Kwake mfuko ule ulikuwa sahihi, na pengine ulikuwa mdogo. Kumwambia jaja huyo ajifunze ushonaji ni ukatili. Dirham ya chakula ilitangulia dirham ya shoka, na kwa watu wengine dirham zote mbili ni za chakula.

Mafunzo nayo yanaweza kuwa sukari kwa jina jingine. Ukienda kijijini na cherehani kumi kwa sababu mfadhili anapenda cherehani, na kijiji kizima kinavaa mitumba, umepeleka mfuko mkubwa zaidi tu, wala hujamuuliza mtu kitu. Ndiyo maana sisemi kwamba tofauti iko kati ya chakula na mafunzo. Tofauti iko kati ya kutoa baada ya kusikiliza na kutoa kabla ya kusikiliza.

Pendekezo kwa mkutano wetu

Muhula huu mkutano wa jumuiya utajadili bajeti ya Ramadhani ijayo. Ninaandika ili nisije nikasema mawili matatu dakika ya mwisho na kupigiwa takbira bila ya jambo kufanyika. Ninayopendekeza ni machache.

Twende kijiji kile kile mwezi wa Rajabu, mikono mitupu, bila bango na bila kamera. Twende wawili wawili, ndugu zetu wa kike wakikaa na akina mama, tukae vibarazani na kuuliza swali la Mtume (s.a.w.). Tuandike majibu katika daftari lile lile, mbele ya majina yale yale. Wasiojiweza tuwawekee chakula bila masharti, na kama inawezekana kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja. Wenye kazi mikononi tutafute gurudumu, jembe, mbegu au mtu wa kuwafundisha, na miongoni mwetu wapo wanaosoma kilimo, biashara na uuguzi ambao hawajawahi kuombwa zaidi ya mchango wa fedha. Na kamati ya msikiti wa kijiji iwe ndiyo mwenye shughuli, sisi tuwe wasaidizi. Kisha tuweke miadi ya kurudi.

Najua gharama yake. Tutapata picha chache. Familia tutakazofikia mwaka wa kwanza zitapungua, na ripoti yetu haitapendeza kama ile iliyopita. Wapo watakaotuambia jambo tusiloliweza, nasi itabidi tukiri kwamba hatuliwezi. Na huenda mtu akatumia vibaya tulichompa. Yule wa Ansari pia angeweza kuliuza shoka. Mtume (s.a.w.) alimwamini, akampa siku 15.

Ama mzee wa cherehani, baada ya Idi wanafunzi watano tulichanga elfu sitini zile tukamrudia. Alizipokea, kisha akatuuliza kama tuna mdogo wetu yeyote anayetaka kujifunza kushona, kwa kuwa macho yake yanachoka na hana wa kumwachia kazi. Hatukuwa na jibu. Lilikuwa ni jambo la kwanza alilotaka kwetu tangu tuanze kwenda, nasi hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutoa haki kwa wenye haki yao, atutakasie nia zetu, na azibariki nyumba zote tulizoandika majina yake bila ya kuzijua. Wabillahi tawfiq.